Lampi za mbali angani: namna zinapimwa kwa mwangaza mwekundu

Kuna vitu angani viko mbali sana hata teleskopu ya nguvu inavionyesha sawa vile kidoti tu. Havina umbo la kuonyesha kwa kidole. Lakini kile kidoti hakitulii: mwezi huu kinawaka zaidi, mwezi ujao kinafifia. Kwa kupima kule kupanda na kushuka, usiku kisha usiku, wanasiyansi walijua ukubwa wa kitu ambacho hakuna jicho linaweza kukiona. Juu ya uzito wa kimoja kati ya vitu hivyo, wangali wanabishana mpaka leo.

Kazi hiyo mara nyingi inafanyika kwa kupitia kioo kimoja chekundu kinachowekwa mbele ya kamera. Inafanyika pia hapa Afrika, kule Namibia. Na vitu vikubwa vitatu vinavyotajwa katika makala hii vyote vinapita juu ya anga la Goma, Bukavu, Bunia na Kindu.

Lampi za wavuvi na ukungu

Mtu anayesimama usiku pembeni ya Ziwa Kivu anaona lampi za wavuvi wa sambaza kule kwenye maji. Lampi zote zikififia pamoja, anajua kama ni ukungu umeingia. Lampi moja ikififia peke yake na zingine zinabaki sawa, anajua kama shida iko kwa ile lampi yenyewe.

Upimaji wa mwangaza wa angani unafuata akili hiyo hiyo. Hewa ya dunia haikai sawa: wingu jembamba linapita, vumbi linapanda, umande unashuka. Mtu akipima nyota moja peke yake, hawezi kujua kama ni nyota imefifia ao ni hewa imechafuka. Kwa hiyo anapiga foto ya kipande cha anga chenye kile kitu pamoja na nyota za jirani ambazo zimekwisha kuchunguzwa na zinajulikana kuwa hazibadiliki. Hizo njo nyota za kulinganisha. Zinafanya kazi sawa vile mawe ya mizani kwenye soko: kila kitu kinapimwa kwa kuzitegemea.

Kipimo chenyewe kinaitwa magnitudo, na kinakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, mwangaza ni mdogo. Zamani Wagiriki waligawa nyota katika madaraja sita, la kwanza ni la nyota zinazowaka sana, la sita ni la zile ambazo jicho linaona kwa shida. Mwaka wa 1856 Mwingereza Norman Pogson aliweka hesabu kamili: tofauti ya magnitudo 5 ni mwangaza mara 100. Kwa hiyo magnitudo 1 ni karibu mara 2,5. Kitu cha magnitudo 13 kinawaka mara 600 na zaidi chini ya ile nyota ya mwisho ambayo jicho letu linafikia.

Sababu gani mwangaza mwekundu?

Mwangaza mweupe ni mchanganyiko wa rangi, sawa vile upinde wa mvua unavyoonyesha. Filtre ambayo wapimaji wanaiita R inaachilia sehemu nyekundu tu ipite, yaani mawimbi yenye urefu wa takriban nanometa 570 mpaka 720. Nanometa moja ni metre moja iliyogawanywa mara miliari. Kuna sababu kadhaa za kuchagua sehemu hiyo.

Ya kwanza ni hewa. Mwangaza wa bluu unapogonga hewa unatawanyika kwa urahisi, ule mwekundu unapita vizuri zaidi. Bluu ya nanometa 450 inatawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu ya nanometa 650. Hiyo njo sababu mchana anga ni bluu, na jua linalotua ni jekundu: jioni mwangaza wake unapita katika hewa nyingi, bluu inapotea njiani, nyekundu inafika.

Ya pili ni vumbi lililo katikati ya nyota na nyota. Linazuia bluu kuliko nyekundu.

Ya tatu ni kamera. Kamera za elektroniki za teleskopu zinatengenezwa kwa silikoni, sawa vile kamera za telefone, na silikoni inapokea vizuri mwangaza mwekundu. Hata teleskopu ndogo inapata kipimo kizuri kwa dakika chache.

Ya nne ni makubaliano. Watu wa inchi mbalimbali wakitumia filtre moja, vipimo vyao vinaweza kuunganishwa katika mstari mmoja. Kila mtu akipima kwa rangi yake, ni sawa na soko ambamo kila muuzaji ana kopo la ukubwa wake.

Hata hivyo nyekundu peke yake haielezi kila kitu. Mara nyingi vitu hivi vikiongezeka mwangaza, bluu yao inapanda kuliko nyekundu. Kwa hiyo wapimaji wengi wanabadilisha filtre usiku mmoja, lakini R inabaki njo msingi wa kazi.

Kazi ya usiku mmoja

Mbele ya kuanza, mpimaji anasafisha kamera yake kwa hesabu. Anapiga foto huku kamera imefunikwa, ili ajue kelele za kamera yenyewe. Kisha anapiga foto za anga la jioni, fasi ambapo mwangaza uko sawa kila upande, ili ajue kama kuna vumbi kwenye kioo ao pembe za foto zina giza. Makosa hayo yanatolewa katika kila foto ya usiku.

Kisha teleskopu inaelekezwa kwenye kitu chenyewe. Kompyuta inachora duara ndogo kuzunguka kile kidoti, inahesabu mwangaza wote ulio ndani, halafu inatoa mwangaza wa anga tupu ulio pembeni. Inafanya vile vile kwa nyota za kulinganisha. Nyota moja kati ya hizo inawekwa kuwa shahidi: ikionekana inabadilika, kipimo cha usiku ule hakiaminiwi.

Kazi ikifanywa vizuri, kosa linabaki karibu asilimia 1 ao 2. Kipimo cha usiku mmoja hakina faida kubwa. Faida inakuja baada ya miezi na miaka, wakati vidoti mia ao elfu vinawekwa kwenye karatasi moja na kuchora mstari unaopanda na kushuka.

Kile kitu kilichoitwa 3C 273

Miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, watu wa teleskopu za mawimbi ya redio walipata fasi nyingi angani zinazotoa mawimbi ya nguvu. Moja iliandikwa 3C 273. Mwaka wa 1962, kule Parkes inchini Australia, Cyril Hazard na wenzake walingoja mwezi upite mbele yake. Kwa kuandika dakika ambayo mawimbi yalikatika na dakika ambayo yalirudi, walijua fasi yake kamili. Fasi hiyo ilikuwa na kidoti kinachofanana na nyota ya kawaida ya magnitudo 13.

Mwaka wa 1963 Maarten Schmidt, Mholanzi aliyefanya kazi California, aligawa mwangaza wa kidoti hicho katika rangi zake, akaelewa kama si nyota hata kidogo. Mwangaza wake umesafiri karibu miaka miliari 2 mbele ya kufika kwetu. Vitu vya namna hiyo viliitwa kwazari. Kwa kuwaka namna ile kutoka mbali vile, 3C 273 inapaswa kutoa mwangaza kuliko galaksi nzima yenye nyota miliari mia na zaidi.

Mwaka huo huo Harlan Smith na Dorrit Hoffleit walifungua foto za zamani. Chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kimetunza zaidi ya foto 500.000 za anga zilizopigwa juu ya vipande vya kioo toka miaka ya 1880. Nyingi zilipigwa kusini mwa dunia, kwanza Peru, kisha, toka mwaka wa 1927, Bloemfontein, Afrika Kusini. Watu waliozipiga hawakujua kwazari ni nini. Lakini 3C 273 ilikuwa ndani ya foto zao, ikingoja. Smith na Hoffleit walipima na kukuta kama mwangaza wake ulikuwa unabadilika.

Namna kubadilika kunaonyesha ukubwa

Hapa njo moyo wa mambo yote.

Tufikirie watu wamejipanga mstari mrefu kwenye barabara ya Bukavu mpaka Uvira, kila mmoja ana lampi. Amri ya kuzima inatolewa kwa mtu wa kwanza, naye anaipeleka kwa jirani, mdomo kwa mdomo. Mtu aliye mbali juu ya mlima anaona lampi zote zimezima kwa muda wa saa moja. Hajui mstari una watu wangapi, lakini anajua jambo moja: mstari hauwezi kuwa mrefu kuliko njia ambayo ile amri inaweza kwenda kwa saa moja.

Angani, hakuna mjumbe anayepita mwangaza kwa mbio. Mwangaza unakwenda karibu kilometa 300.000 kwa sekunde. Kwa siku moja unafika karibu kilometa miliari 26. Kwa mwaka mmoja, karibu kilometa miliari 9.460, na umbali huo unaitwa mwaka wa mwangaza. Kama kitu chote kinaongezeka mwangaza na kufifia kwa siku moja, basi upana wake hauwezi kupita sana kilometa miliari 26.

Namba hiyo inaonekana kubwa, lakini tuilinganishe. Njia ambayo sayari Neptune inafuata kuzunguka jua ina upana wa karibu kilometa miliari 9. Galaksi yetu ina upana wa takriban miaka 100.000 ya mwangaza. Kwa hiyo kile kinachowaka kuliko galaksi nzima kinaingia katika nafasi isiyozidi mara chache upana wa familia ya jua letu.

Nyota hazingeweza kutosha mule. Kile kilichobaki ni shimo jeusi: kitu chenye uzito wa mamilioni ao mamiliari ya majua, kinachovuta gesi. Gesi ikizunguka mbele ya kuangukia ndani, inapata moto mkali na kuwaka. Mwaka wa 1969 Mwingereza Donald Lynden-Bell aliandika kama mashimo hayo yanapaswa kuwa katikati ya galaksi nyingi. Mwaka wa 2019 dunia nzima iliona picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi M87. Lakini miaka makumi mbele ya picha hiyo, mstari wa mwangaza unaopanda na kushuka ulikwisha kuonyesha njia.

Namibia, na usiku wa Julai 2006

Kuna kwazari na galaksi ambazo shimo lao linatupa mkondo wa gesi kwa mbio inayokaribia ile ya mwangaza, na ule mkondo umeelekea moja kwa moja upande wetu. Zinaitwa blazari. Hizo njo zinabadilika kuliko zote.

Kwenye milima ya Khomas, karibu kilometa 100 toka Windhoek, kuna kituo cha H.E.S.S., kinachochunguza miale ya gama yenye nguvu sana. Usiku wa tarehe 28 Julai 2006 kiliona blazari PKS 2155-304 ikipandisha miale yake mara mbili kwa muda wa dakika tatu hivi. Kwa hesabu ya lampi, sehemu iliyowaka ingekuwa ndogo kuliko umbali wa dunia mpaka jua.

Lakini hapa hesabu inahitaji uangalifu. Kitu kinachokuja upande wetu karibu na mbio ya mwangaza kinafanya mabadiliko yaonekane ya haraka kuliko yalivyo kule kwenyewe. Wanasiyansi wanapaswa kuingiza hiyo mbio mbele ya kusema ukubwa. Hata baada ya kuiingiza, dakika tatu bado ni muda mfupi sana kwa shimo zito namna ile.

Pembeni ya H.E.S.S. kuna teleskopu ya kawaida inayoitwa ATOM, yenye kioo cha sentimeta 75. Inaangalia blazari kwa filtre mbalimbali, na ile nyekundu iko ndani. Miale ya gama na mwangaza mwekundu vikipanda pamoja, ni alama kama vinatoka fasi moja. Vikiachana, basi ndani ya mkondo kuna sehemu zaidi ya moja zinazowaka.

OJ 287: saa iliyotabiriwa

Blazari inayobishaniwa sana inaitwa OJ 287. Iko upande wa kundi la nyota la Kaa, na mwangaza wake umesafiri karibu miaka miliari 3,5. Kawaida iko kati ya magnitudo 14 na 15. Foto za zamani zinaionyesha toka mwisho wa karne ya 19.

Mwaka wa 1988 Aimo Sillanpää wa Finland na wenzake walichora vipimo vyote katika mstari mmoja. Waliona kama kila baada ya miaka 12 hivi inawaka kwa nguvu. Walisema mule kuna mashimo mawili, dogo linazunguka kubwa. Wakatabiri mlipuko wa mwangaza kwa mwaka wa 1994, na mwaka huo ulikuja.

Mtu mwingine wa Finland, Mauri Valtonen, aliendelea na hesabu pamoja na wenzake. Kwa maoni yao, shimo kubwa lina uzito wa majua miliari 18, na lile dogo linapasua sahani ya gesi ya lile kubwa mara mbili katika kila mzunguko. Walitabiri mlipuko wa mwisho wa 2015, ukaonekana. Walitabiri mwingine kwa tarehe 31 Julai 2019. Siku hiyo OJ 287 ilikuwa karibu na jua kwa mtu anayetazama toka dunia, teleskopu za chini hazingeiona. Teleskopu ya angani Spitzer, iliyokuwa mbali na dunia, iliiangalia: mwangaza ulipanda katika saa zilizotajwa.

Kisha ukafika mwaka wa 2022. Mlipuko mwingine ulingojewa mwezi wa Oktoba. Kundi linaloongozwa na Stefanie Komossa lilikuwa linafuata OJ 287 kwa muda mrefu, kwa teleskopu za mawimbi ya redio na kwa chombo cha angani Swift. Oktoba ikapita, mlipuko haukuonekana. Mwaka wa 2023 kundi hilo liliandika kama shimo kubwa lina uzito wa karibu majua milioni 100, yaani karibu mara 180 chini ya ile namba ya kwanza. Upande wa Valtonen ulijibu kama, kwa hesabu iliyorekebishwa, mlipuko ulitokea mbele, Julai na Agosti 2022, wakati jua liliificha OJ 287.

Pande zote mbili zinatumia mstari ule ule wa mwangaza. Hakuna anayeweza kwenda kule kuhakikisha. Majina makubwa na miaka ya kazi havitoshi: kile kitakachoamua ni vipimo vya usiku unaokuja, na kila usiku ambao hakuna aliyepima ni shimo katika ushahidi.

Usiku wa dunia nzima

Hapo njo shida kubwa inaonekana. Blazari inaweza kubadilika kwa saa chache, lakini teleskopu moja inaona usiku wake tu. Asubuhi ikifika, mstari unakatika. Kwa hiyo mwaka wa 1997 kulianzishwa mtandao wa Whole Earth Blazar Telescope, unaounganisha teleskopu za inchi mbalimbali. Jua likichomoza Asia, Ulaya na Afrika wanaendelea. Kule pakikucha, Amerika inapokea. Filtre yao ya msingi ni R. Teleskopu nyingi zinazoingia katika kazi ya namna hiyo si kubwa. Kule kisiwa cha La Palma, watu wa Tuorla, Finland, walifuata blazari kwa mwangaza mwekundu kwa miaka mingi kwa teleskopu ya sentimeta 35, wakiiongoza kutoka kwao kwa intaneti.

Chile imepata chombo cha aina nyingine, Vera C. Rubin, chenye kioo cha metre 8,4, kilichoonyesha foto zake za kwanza mwezi wa Juni 2025. Kina filtre sita, na moja ni ya mwangaza mwekundu. Kimetengenezwa kwa kupita juu ya anga lote la kusini mara nyingi kwa miaka 10.

Anga la kwetu

Mashariki ya Congo iko karibu na ikweta. Mtu wa Ulaya haoni vizuri anga la kusini, na mtu wa kusini kabisa haoni lile la kaskazini. Hapa zote mbili zinapita. 3C 273 inapita karibu juu ya kichwa, OJ 287 kidogo kaskazini, PKS 2155-304 upande wa kusini. Vizuizi ni mawingu ya masika, taa za muji na ukosefu wa vyombo.

Lakini akili ya kulinganisha haihitaji teleskopu. Toka Desemba mpaka Aprili, mbele ya usiku wa manane, kundi la nyota la Orion linaonekana vizuri. Bega lake moja ni Betelgeuse, nyota yenye wekundu. Bega lingine ni Bellatrix, nyeupe ya bluu kidogo. Kawaida Betelgeuse inawaka sana kuliko Bellatrix. Mwezi wa Februari 2020 zilikuwa karibu sawa: Betelgeuse ilipoteza zaidi ya nusu ya mwangaza wake, kisha ikarudi kufikia Aprili. Wachunguzi wengi wanasema ilitupa gesi, gesi ikawa vumbi, vumbi likafunika sehemu ya uso wake.

Mtu anayetaka kujaribu anaweza kuandika tarehe, saa, na kama Betelgeuse inapita ao inalingana na Aldebaran na Bellatrix. Jambo moja la kuangalia: nyota nyekundu ikikodolewa macho kwa muda mrefu, jicho linaizidishia mwangaza. Ni vizuri kutupa jicho haraka, kwa hii, kisha kwa ile, na kuandika. Chama cha Marekani cha wachunguzi wa nyota zinazobadilika, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka wa 1911, kinapokea vipimo vya watu wa inchi zote, hata vile vya macho matupu.

Daftari la mwezi mmoja halitaonyesha mambo mengi. La miaka mitano litaonyesha Betelgeuse ikipanda na kushuka, na tarehe zitakuwa zimeandikwa.